Uzi maalumu: Njia ya Viota vya Tai (Szlak Orlich Gniazd), Polandi, kwa miguu au baiskeli. Vilima vya mawe ya chokaa na magofu ya ngome

MpandaMajabali:

Wakuu, maswali kuhusu njia hii yanajirudia kila msimu, na wengi wanaouliza wako Ujerumani, Uholanzi au wanasoma huko huko Polandi. Naweka msingi hapa, wenye kuijua waongezee nyama.

Njia iko kusini mwa Polandi, kati ya Kraków na Częstochowa. Ya miguu ina kama km 164, ya baiskeli kama km 190. Ni njia mbili tofauti: zinakutana kwenye ngome kubwa, zinaachana katikati. Kwa hiyo usipakue ramani ya moja ukadhani inatosha kwa nyingine. Anayefuata ya miguu kwa baiskeli atajikuta anabeba baiskeli begani kwenye ngazi za mawe.

Ngome nyingi ni za karne ya 14, wakati wa mfalme Kazimierz Wielki (1333–1370). Alikuwa analinda mpaka na Śląsk, jimbo lililokuwa limeangukia mikononi mwa wafalme wa Bohemia. Jeshi la Uswidi lilipoivamia Polandi mwaka 1655 lilichoma na kubomoa ngome nyingi za huku, ndiyo maana leo unakuta magofu mengi na majumba mazima machache.

Kabla ya kuzungumzia mizigo na ratiba, ijue ardhi yenyewe. Karibu kila kinachomkwamisha mtu huku kinatoka ardhini.

Jiwe ni chokaa ya bahari ya enzi ya Jura, kama miaka milioni 160 iliyopita. Mapango ya Amboni kule Tanga nayo ni chokaa ya enzi hiyo hiyo. Chini ya bahari ile sifongo na vijidudu vilijenga vichuguu vikubwa vilivyoganda vikawa jiwe moja zito lisilo na matabaka. Pembeni yake tope la chokaa lilitulia tabaka juu ya tabaka. Jiwe la matabaka limeliwa na mvua na barafu, lile zito limebaki limesimama kama minara. Wenyeji wanaiita minara hiyo ostańce, na juu yake ndipo ngome zilipojengwa.

Kati ya miamba kuna udongo wa aina mbili. Upande wa Kraków ni udongo laini wa vumbi uliobebwa na upepo enzi za barafu, unaoitwa loesi. Ukikauka ni barabara nzuri, ukilowa ni gundi. Kuanzia Olkusz kwenda kaskazini ni mchanga wa kwazi ulioletwa na maji ya barafu iliyoyeyuka. Huko kuna hata jangwa dogo, Pustynia Błędowska, katikati ya misitu ya misonobari.

Kwa hiyo una vitu vitatu vya kupigana navyo: tope kusini, mchanga kaskazini, na mwamba unaoteleza kote. Na maji juu ya ardhi hakuna, kwa sababu chokaa ina nyufa na mvua yote inazama. Karibuni.

---

Kinyozi_wa_Gdynia:

Mkuu, asante kwa kuanzisha. Alama za njia zikoje? Nimesikia rangi nyekundu ndiyo ngumu zaidi, ni kweli?

---

MpandaMajabali:

Si kweli ndugu. Polandi rangi ya njia ya miguu haisemi lolote kuhusu ugumu. Nyekundu kwa kawaida hupewa njia kuu ya eneo, basi.

Alama ya miguu ni mistari mitatu ya kulala: mweupe, mwekundu, mweupe, imepakwa kwenye mti, jiwe au nguzo. Ya baiskeli ni mraba mweupe wenye picha nyeusi ya baiskeli na mstari mwekundu chini yake. Alama ikivunjika kama kiwiko, njia inakata kona upande huo. Ukienda mita 300 bila kuona alama yoyote kwenye eneo lenye miti mingi, simama, rudi hadi alama ya mwisho. Usiendelee kwa matumaini, kwa sababu misitu ya huku imekatwa na barabara za wakata mbao zinazofanana zote.

Kwenye simu, Mapy.com (zamani Mapy.cz) inaonyesha njia zote za miguu na rangi zake, na ramani inashuka kwenye simu ukaitumia bila intaneti. Ongeza ramani ya karatasi ya 1:50 000 kama akiba.

Mitego ya majina, isomeni vizuri:

Ngome ya Olsztyn iko kwenye kijiji cha Olsztyn, kilomita chache mashariki ya Częstochowa. Lakini kuna jiji kubwa linaloitwa Olsztyn kaskazini kabisa ya nchi. Ukiandika Olsztyn kwenye mashine ya tiketi utapewa treni ya kwenda huko, mamia ya kilomita mbali. Kijiji hiki unakifikia kwa basi, baiskeli au miguu kutoka Częstochowa.

Ngome ya Ogrodzieniec haiko mjini Ogrodzieniec. Iko kijiji cha jirani, Podzamcze. Na Podzamcze ziko nyingi nchini, kwa hiyo kwenye ramani hakikisha ni ile iliyo karibu na Zawiercie.

---

FundiSpoku:

Naingia kwa upande wa baiskeli, maana hapa ndipo watu wanaharibu safari kabla haijaanza.

Tairi. Upana wa chini kabisa ni mm 42. Mm 50 ni bora zaidi. Tairi nyembamba za mm 28 au 32 zinapita vizuri kwenye lami, kisha zinazama kwenye mchanga kama kisu. Kwa mtu wa kilo 75 na mzigo wa kilo 12, tairi ya mm 50 isiyo na tyubu: upepo wa bar 1.8 mbele na 2.1 nyuma. Ukitumia tyubu ongeza 0.3 kila upande, la sivyo ukigonga jiwe tyubu inabanwa kati ya ringi na jiwe na kupata matundu mawili yanayofanana na meno ya nyoka. Ukiona matundu mawili sambamba, tatizo ni upepo mdogo, si mwiba.

Gumegume. Ndani ya chokaa ya upande wa Kraków kuna mabonge ya jiwe la gumegume. Watu wa zama za mawe walilichimba hapo Sąspów, karibu na Ojców, kutengenezea visu na shoka. Mashamba yakilimwa, vipande vinakuja juu na kusambaa kwenye njia. Kipande kipya kina ukingo unaong'aa kama kioo kilichovunjika, kinachana tairi kwa mstari mfupi ulionyooka. Dawa ya kuziba pancha (ml 60 hadi 80 kwa tairi ya upana huu) inaweza tundu la hadi kama mm 3. Zaidi ya hapo unahitaji kamba za kuchomeka, vile vipande vya mpira vinavyosukumwa ndani ya tundu. Mchano ukizidi mm 6, kamba nayo inatoka: weka kiraka cha ndani, kipande cha tairi kuukuu cha sm 5 kwa 3, halafu tyubu. Usiweke tyubu bila kiraka hicho, itatokeza kwenye mchano na kupasuka.

Beba: tyubu 2, kamba 5 za kuchomeka, kipande cha tairi kuukuu, pampu, viondoa tairi 2, kiungo cha cheni kimoja, funguo za heksi za mm 4, 5 na 6.

Mchanga. Badili gia kabla hujauingia, si ukiwa ndani. Sogeza makalio nyuma ya siti ili gurudumu la mbele lielee. Mikono ilegee, usipigane na usukani. Gurudumu litatafuta njia lenyewe. Kanyaga kwa kasi isiyobadilika. Breki ya mbele iache kabisa, maana gurudumu likizama huku umeshika breki unapita juu ya usukani. Mchanga ukizidi mita 100 shuka, sukuma ukingoni penye nyasi na mizizi. Kusukuma ukingoni ni haraka kuliko kuanguka mara tatu katikati.

Cheni. Mafuta ya majimaji na mchanga wa kwazi ni msasa. Tumia nta. Kama unayo mafuta tu, paka tone moja kila pini jioni, acha usiku, asubuhi futa nje yote hadi kitambaa kitoke kikavu.

Madigadi. Kwa udongo wa loesi uliolowa, madigadi yenye nafasi ndogo yanajaa tope hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Acha nafasi ya angalau mm 15 kati ya tairi na madigadi, au yaondoe.

Keria. Boliti za M5 zinalegea kwa mtikisiko wa mawe. Kaza kila asubuhi. Boliti ikidondoka keria inaegemea upande mmoja na kukatika siku hiyo hiyo.

---

Mwanafunzi_Katowice:

Fundi shikamoo. Mimi nina baiskeli ya mjini, gia 3, tairi mm 37. Haiwezekani kabisa?

---

FundiSpoku:

Marahaba. Inawezekana kwa vipande, si njia nzima. Kaa kwenye barabara ndogo za lami zinazounganisha vijiji, halafu iache baiskeli umeifunga, panda ngome kwa miguu. Gia 3 zitakuumiza unapotoka bonde la Prądnik, kule Ojców, kupanda juu: ni mwinuko mfupi lakini mkali. Sukuma bila aibu, miguu uitunze kwa siku ya pili.

---

NyayoNdefu:

Kwa waendao kwa miguu, salaam. Siku 8 ni mwendo wa kistaarabu, wastani wa kama km 20 kwa siku. Mgawanyo unaofanya kazi:

Kraków hadi Ojców. Ojców hadi Pieskowa Skała na Sułoszowa. Kisha Rabsztyn, juu ya Olkusz. Kisha Bydlin. Siku ya tano Smoleń na Podzamcze. Ya sita Podlesice, ukipitia Morsko. Ya saba Bobolice, Mirów na kulala Złoty Potok, hii ni ndefu. Ya nane Olsztyn na kumalizia Częstochowa, ndefu pia.

Siku mbili za kwanza ziende polepole. Hifadhi ya Taifa ya Ojców ilianzishwa 1956 na ndiyo ndogo kuliko zote Polandi, haifiki hata km² 22, lakini kila kona ina kitu. Bonde la Prądnik lina kuta za mwamba pande zote mbili, lango la mawe la Brama Krakowska, na ukifika Pieskowa Skała kuna nguzo ya chokaa ya kama mita 25 inayoitwa Rungu la Herkules, nyembamba chini na nene juu. Ngome ya Pieskowa Skała haikuachwa gofu; leo ni tawi la makumbusho ya Wawel, kasri la kifalme la Kraków.

Maji. MpandaMajabali amegusia, naweka uzito. Ukishatoka bonde la Prądnik, usitegemee kijito. Lita 3 kwa mtu mmoja wakati wa kiangazi, na jaza kila kijiji unachopita hata kama chupa bado ina nusu. Ukikuta chemchemi, maji yatakuwa baridi na maangavu kabisa, na hapo ndipo watu wanadanganyika. Chokaa haichuji. Maji yanapita kwenye nyufa na mifereji ya chini kwa haraka, pamoja na kilichomwagwa shambani juu yake. Chemsha hadi yatokote dakika moja, au tumia vidonge.

Viatu. Soli ya mpira laini wenye meno mafupi inashika chokaa kuliko soli ngumu ya buti za kazi. Mahali panapokanyagwa na watu wengi, kwenye ngazi za ngome na milango ya mapango, jiwe limesuguliwa hadi linang'aa. Likilowa halina mshiko kabisa. Kanyaga kwa unyayo mzima, hatua fupi, uzito juu ya mguu wa mbele. Usitue kisigino kwanza. Majani makavu ya miti ya biki juu ya jiwe lililolowa, mwezi wa Oktoba, ni hatari kuliko mvua yenyewe kwa sababu huoni jiwe liko wapi.

Fimbo za kutembelea: mpira wa ncha uache ukiwa juu ya mwamba, utoe ukiingia kwenye tope na mchanga.

---

Msafiri_wa_Malindi:

Dada Nyayo, kwa nini uanze Kraków? Mimi naona wengi wanasema Częstochowa ndiyo nzuri kuanzia.

---

NyayoNdefu:

Kwa mtembea kwa miguu naisimamia Kraków. Kwanza unaanza na siku ambazo chakula na malazi vipo karibu, wakati begi bado linakuzoea. Pili magofu yanapanda: kutoka mnara na lango la Ojców, kwenda Rabsztyn, hadi Ogrodzieniec ambayo ndiyo kubwa kuliko zote. Ukianzia kaskazini, Ojców inakupata umeshachoka na kushiba mawe.

---

FundiSpoku:

Kwa baiskeli nampinga dada kwa heshima. Angalia mvua ya siku tatu zilizopita ndipo uamue.

Mchanga uliolowa ni mgumu, unapitika. Loesi iliyolowa haipitiki. Kwa hiyo mvua ikiwa imetoka kunyesha, anza Częstochowa: unapata mchanga ukiwa umeshikana, na udongo wa kusini unapewa siku mbili tatu za kukauka kabla hujaufikia. Kukiwa na ukame wa wiki mbili, anza Kraków upite udongo ukiwa mkavu, na mchanga utakuwa mbaya tu, lakini angalau kipande cha Olkusz kuna lami ya kukwepea.

---

NyayoNdefu:

Hoja ya mvua naikubali, Fundi. Kwa miguu haibadilishi sana, kwa gurudumu inabadilisha kila kitu.

---

MwashiWaPwani:

Niseme kuhusu magofu yenyewe, kwa sababu watu wengi wanayapiga picha bila kuyasoma, na wengine wanakaa chini ya ukuta ambao hawapaswi kukaa.

Kuta za Mirów, Ogrodzieniec na Olsztyn zimejengwa kwa chokaa ile ile ya kilima, na gundi yake ni chokaa iliyochomwa kutoka jiwe hilo hilo. Ndugu wa pwani wataielewa haraka: ni mantiki ya Kilwa Kisiwani na Gede, ambako jiwe la matumbawe ni tofali na pia ni saruji.

Ukuta mnene wa ngome si jiwe moja moja hadi ndani. Una nyuso mbili za mawe yaliyopangwa, na katikati ni kifusi kilichomwagiwa lipu ya chokaa. Simama pembeni mwa ukuta uliovunjika utaona wazi: nje mawe yamelala kwa mistari, ndani ni kokoto na mabonge yamekaa hovyo kwenye lipu nyeupe inayobomoka kwa ukucha. Paa likishatoka, maji yanaingia kwa juu, yanakaa kwenye kile kifusi, usiku yanaganda na kutanuka, mchana yanayeyuka. Uso wa nje unasukumwa taratibu hadi unavimba kama tumbo, kisha unaporomoka kipande kizima. Hili hutokea zaidi Februari na Machi, barafu inapoganda usiku na kuyeyuka mchana. Ukiona ukuta umevimba, au kokoto mpya nyeupe zimedondoka chini yake juu ya nyasi, usikae hapo kula chakula. Uzio ukiwepo, uheshimu.

Angalia pia mahali ukuta unapokutana na mwamba. Mafundi hawakusawazisha mwamba, walipanda nao. Mirów ni mfano mzuri kabisa: mwamba unaishia na ukuta unaanza bila mstari ulionyooka, na kwa mbali huwezi kusema ni mahali gani hasa.

Ogrodzieniec isome kwa tabaka za historia. Ngome ya karne ya 14 ilipanuliwa na Seweryn Boner kati ya 1530 na 1545 ikawa kasri la kifahari. Waswidi wakaichoma 1655, wakarudi tena 1702. Watu wa mwisho waliondoka mwanzoni mwa karne ya 19. Iko kwenye kilima cha Góra Janowskiego, chenye urefu wa zaidi ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, sehemu ya juu kabisa ya ukanda wote huu.

Olsztyn: mnara wa mviringo una urefu wa mita 35, chini mawe, juu wameongeza matofali. Mawe mengi ya ngome hii yalibebwa karne ya 18 kujenga kanisa la kijiji. Ukishuka, lipitie kanisa, utakuwa umeona sehemu ya ngome iliyopotea.

Bobolice imejengwa upya na wamiliki wake, kazi ikakamilika 2011. Wataalamu wa historia wamelalamika kwamba michoro ya asili haikuwepo ya kutosha, na mimi nakubaliana nao: ni nzuri kwa macho, lakini si ushahidi. Ushauri wangu, tazama Mirów kwanza ndipo Bobolice. Zimeachana chini ya km 2, zimeunganishwa na mgongo wa miamba myeupe, na kutembea juu ya mgongo ule ndicho kipande bora kuliko vyote vya njia nzima.

---

Mama_Zuhra_Berlin:

Wanangu, asanteni sana. Mimi nina siku moja tu, na vijana wangu wawili wa miaka 13 na 15. Tufanye nini?

---

MpandaMajabali:

Shikamoo mama. Una chaguo mbili.

Kwa baiskeli: shukeni treni Zawiercie, iko kwenye reli ya Katowice–Częstochowa. Podzamcze ni kama km 10 kutoka hapo. Tazameni Ogrodzieniec kwa muda wa saa mbili, endeleeni Morsko, Podlesice, Bobolice, Mirów, halafu teremkeni Myszków mpande treni ile ile. Jumla ni kama km 50. Kwa vijana wa umri huo ni siku kamili lakini wanaiweza, mkianza kabla ya saa tatu asubuhi.

Kwa miguu: basi au teksi hadi Podlesice. Pandeni Góra Zborów, hifadhi yenye miamba mizuri na mandhari ya pande zote, na pango la Jaskinia Głęboka liko hapo hapo lina waongozaji. Mchana Mirów hadi Bobolice na kurudi. Chini ya km 12 zote pamoja ukiondoa usafiri.

Kuhusu mapango, vijana wabebe sweta hata kama nje ni nyuzi 30. Ndani ni nyuzi 7 hadi 9 mwaka mzima. Unaingia na jasho, unatoka na mafua.

---

Mama_Zuhra_Berlin:

Marahaba mwanangu, Mungu akubariki. Na kupe? Huku wanatutisha sana.

---

DaktariWaVijijini:

Kupe wapo kweli mama, kuanzia Machi hadi Novemba, na wanakaa kwenye nyasi ndefu na vichaka kando ya njia, hawadondoki kutoka mitini. Wana magonjwa mawili ya kuhofia: Lyme, unaoletwa na bakteria, na homa ya ubongo ya virusi.

Homa ya ubongo ina chanjo. Dozi ya pili mwezi mmoja hadi mitatu baada ya ya kwanza, ya tatu miezi 5 hadi 12 baadaye. Kwa hiyo anayetaka kwenda Mei aanze wakati wa baridi. Lyme haina chanjo kwa sasa, kinga ni kujikagua.

Soksi juu ya suruali, nguo za rangi nyepesi ili umwone akitambaa. Kila jioni jikague: nyuma ya magoti, kinena, kwapa, kitovu, nyuma ya masikio, kwenye nywele za watoto. Ukimkuta, kibano chembamba, mshike karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja taratibu. Usimpake mafuta, usimchome na moto, usimminye tumbo. Ukifanya hivyo unaweza kumfanya atapike ndani ya jeraha. Osha kwa dawa, andika tarehe. Kati ya siku 3 na 30 ikitokea alama nyekundu inayotanuka, hata kama haiwashi, nenda hospitali na useme uliumwa na kupe lini.

---

Kinyozi_wa_Gdynia:

Na kulala? Hema linaruhusiwa?

---

NyayoNdefu:

Ndani ya Hifadhi ya Ojców na hifadhi ndogo za asili, hapana kabisa. Kwenye misitu ya serikali kuna maeneo maalumu chini ya mpango wa Zanocuj w lesie, ulioanza 2021: watu wasiozidi 9, usiku usiozidi 2 mfululizo sehemu moja, bila kuomba kibali. Zaidi ya hapo unawaandikia ofisi ya msitu. Mipaka ya maeneo hayo iko kwenye ramani ya mtandaoni ya misitu ya serikali, ihakikishe kabla, kwa sababu haigusi kila msitu unaopita.

Moto wa kuni ni marufuku msituni na ndani ya mita 100 kutoka ukingo wa msitu, isipokuwa mahali palipotengwa. Misonobari juu ya mchanga mkavu inashika moto haraka sana, na ukame ukizidi wanafunga msitu mzima. Ukiona bango la "zakaz wstępu do lasu", usiingie.

Mapango yasiyo na mwongozaji yaache, hasa kuanzia Oktoba hadi Aprili. Popo wamelala humo. Ukimwamsha katikati ya baridi anatumia mafuta ambayo alikuwa ameyaweka ya kumfikisha majira ya kuchipua, na mara nyingi hayafiki.

---

Msafiri_wa_Malindi:

Kuna tarehe za kukwepa?

---

MpandaMajabali:

Ndiyo. Tarehe 1 hadi 3 Mei ni sikukuu, Ojców na Podzamcze hakupitiki kwa watu na magari. Agosti, kuelekea tarehe 15 na 26, mahujaji wanaingia Częstochowa kwa miguu kutoka nchi nzima kwenda monasteri ya Jasna Góra. Vitanda vinaisha Częstochowa na Olsztyn pia. Kama unataka kuona mahujaji, kata nafasi mapema. Kama hutaki, kaa mbali na wiki hizo.

Jumapili nyingi maduka makubwa yanafungwa kwa sheria. Nunua chakula Jumamosi. Vituo vya mafuta na baadhi ya maduka madogo vinabaki wazi, lakini vijiji vya kati ya Bydlin na Smoleń havina uhakika.

Treni: za masafa marefu za PKP Intercity zinahitaji nafasi ya baiskeli iliyokatwa pamoja na tiketi, na nafasi zenyewe ni chache. Za mikoa ni rahisi zaidi. Kwa kutoroka katikati ya njia, kumbuka stesheni za Olkusz upande wa kusini, Wolbrom upande wa mashariki, na Zawiercie, Myszków na Poraj upande wa magharibi. Kutoka ngome nyingi za katikati, mojawapo iko ndani ya saa mbili za baiskeli.

---

Mwanafunzi_Katowice:

Mtu akivunjika mguu kwenye mwamba, anapiga wapi?

---

DaktariWaVijijini:

112 inafanya kazi kila mahali. Waokoaji wa milimani, GOPR, wana kikosi cha Jura, yaani ukanda huu wa vilima, chenye kituo chake Podlesice. Namba zao ni 985 au 601 100 300. Kuna pia programu ya simu inaitwa Ratunek inayotuma mahali ulipo. Iweke kabla ya safari, ijaze jina na taarifa zako.

Ukipiga, sema: namba yako ya simu, ngome au mwamba ulio karibu, rangi ya njia, na kijiji cha mwisho ulichopita. Halafu mfunike majeruhi, na muweke kitu chini yake, begi au godoro la kulalia. Chokaa ni baridi hata mchana wa jua, na mtu aliyelala juu yake bila kusogea anaanza kutetemeka muda mfupi tu.

---

FundiSpoku:

Nyongeza moja kwa wanaokuja na baiskeli Oktoba: jua linazama mapema, na mwezi wa Desemba ni kabla ya saa kumi jioni. Taa ya mbele iwe na chaji ya saa 3 angalau, na ya nyuma iwe ya mfululizo, si ya kupepesa, kwa zile barabara za vijijini zisizo na njia ya pembeni. Pedi za breki ziangalie pia. Tope la chokaa lenye mchanga wa kwazi linamaliza pedi laini kwa siku mbili za mvua. Zikibaki chini ya mm 1 badilisha, na seti ya akiba ibebe kutoka mjini, maana vijijini huko hutaipata ya aina yako.